Mgeni Asiyeamsha Mtu

Magomeni ya Mtwara, jogoo hamwamshi kila mtu. Kuna nyumba ambazo jogoo huwika mwenye nyumba ndiyo kwanza anavua viatu.

Nyumba ya Shafii ilikuwa hivyo. Shafii aliendesha foklifti, lile gari dogo lenye meno mawili ya kunyanyulia mizigo, katika ghala moja la korosho. Msimu ukipamba moto, aliingia kazini saa kumi na mbili jioni, akatoka saa kumi na mbili asubuhi. Alirudi, akaoga, akanywa uji, akajitupa kitandani.

Ubavu haujapata joto, hodi.

Mkewe Mwanaidi alilelewa kwa adabu za kwao. Mgeni haondoki bila kusalimiwa na mwenye nyumba. Tena kusema, "Bwana amelala," na jua limeshapanda, ni kumtangaza mumeo mvivu. Basi alimwamsha. Akija mjomba kutoka Naliendele, alimwamsha. Akija balozi wa mtaa, alimwamsha. Akija jirani yao Aida na bakuli la kisamvu, alimwamsha pia. Shafii alitoka macho mekundu, akaitikia salamu, akarudi kulala, akaamshwa tena. Na siku nyingine alipita shambani kuokota korosho kabla hata ya kugusa kitanda.

Aida alikuwa mjane. Wazee wake walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji zamani. Mwanawe wa pekee, Helder, alipanga magunia katika ghala lile lile, zamu moja na Shafii. Asubuhi Helder akishalala, mama yake alifunga mlango taratibu, akaenda kuzungumza kwa Mwanaidi.

Helder alikuwa mtani. Wakienda kazini alimuuliza Shafii, "Popo wetu, leo umelala?"

"Nimesinzia kati ya mgeni na mgeni," Shafii alijibu. Wakacheka.

Dalili zilikuwepo. Wiki moja Shafii aligonga nguzo mara mbili. Alisahau kama amekula. Alimwambia msimamizi kwamba macho yanajifumba yenyewe, naye msimamizi akamwambia anywe kahawa chungu, msimu hausubiri mtu. Akanywa kahawa.

Alfajiri moja, Shafii alikuwa anarudisha foklifti nyuma. Macho yalijifumba. Yeye alidhani amepepesa tu. Alipoyafumbua, Helder alikuwa amebanwa ukutani. Alikata roho kabla ya kufika hospitali.

Mwanaidi alienda msibani. Alikaa nyuma kabisa ya wanawake, na hakuthubutu kumtazama Aida usoni. Tangu siku ile Aida hakukanyaga tena kwao. Ukuta uliowatenganisha ulikuwa mmoja, lakini ni kama amerudi ng'ambo ya mto.

Shafii alisimamishwa kazi wakati uchunguzi ukiendelea. Sasa alikuwa na nafasi ya kulala, na usingizi ukamkimbia. Mwanaidi alimpeleka zahanati kwa nesi Rehema. Rehema aliwasikiliza wote wawili bila haraka, akauliza Shafii alikuwa akilala kwa saa ngapi kila siku msimuni. Walipohesabu, hazikufika nne, tena vipande vipande.

"Mtu mzima anahitaji saa saba au nane," Rehema alisema. "Akikosa siku nyingi, ubongo unajizima wenyewe, hata kama macho anayakaza. Kahawa inaficha usingizi kwa muda, haiuondoi. Na usingizi si wali, kwamba utakula kidogo sasa, kingine upashe moto baadaye."

Mwanaidi aliinamisha kichwa. "Kwa hiyo aliyemuua mtoto wa watu ni mimi."

"Hapana, dada. Wewe hukujua. Ghala liliwapa saa kumi na mbili bila pumziko, na mtu aliposema amechoka, hakusikilizwa. Lakini mlango wa nyumba unao wewe. Hapo anzia."

Akaeleza. Mtu wa zamu ya usiku alale mara akirudi, si baada ya shamba. Chumba kiwe na giza na utulivu. Simu izimwe. Kahawa asinywe zamu inapokaribia kwisha. Na akizidiwa kazini, ashuke kwenye mashine na aseme.

Uchunguzi ulipokwisha, ghala nalo lilibadilika. Zamu ikawa ya saa nane, na pumziko katikati. Njia ya waendao kwa miguu ikatengwa na ya foklifti. Anayesema amechoka anapewa kazi nyingine, hafukuzwi. Baada ya miezi mingi Shafii alirudishwa kazini.

Mwanaidi alitundika kaniki nyeusi dirishani, chumba kikawa giza. Alimpitia kila jirani akamwambia: ukiona kanga imefungwa mlangoni, mwenye nyumba amelala. Wengine walinung'unika. Mjomba alisema mji umewaharibu. Mwanaidi alivumilia.

Kisha asubuhi moja hodi ikabishwa kwa sauti ndogo. Alikuwa Aida, na bakuli la kisamvu.

Mwanaidi aliitazama kanga mlangoni. Wageni wote angeweza kuwazuia, lakini huyu? Alimkaribisha kwa kunong'ona, akageuka kwenda kumwamsha Shafii.

Aida alimshika mkono. "Ana zamu leo?"

"Anayo, mama."

"Basi mwache. Huko kazini kuna watoto wa watu." Akaliweka bakuli chini, akasema, "Mimi nilikuwa nakuja hapa ili Helder wangu alale. Sikufikiri kwamba huyu wa kwako naye hajalala."

Waliketi ukumbini wakichambua mchele. Machozi yaliwatoka, lakini hakuna aliyelia kwa sauti. Adhuhuri ilipita.

Shafii aliamka mwenyewe saa tisa. Alipomwona Aida alipiga magoti.

"Umelala?" Aida aliuliza.

"Nimelala, mama."

Aida akamsogezea bakuli. "Basi kula, mwanangu. Kisha uende, na uwarudishe wote nyumbani."