Jirani wa Kwanza

Asubuhi hiyo Hendrikje alikuta ndoo ya maji ya uvuguvugu mlangoni, na juu yake shuka jeupe lililokunjwa vizuri. Vyote vilinuka tope la handaki la maji linalozunguka kasri. Pale kijijini Wolverlo, ndoo na shuka huletwa na jirani wa kwanza, yule anayepewa kinywaji cha ujirani na wanaohamia, anapokuja kuosha maiti. Kwao hakukuwa na maiti. Kulikuwa na mumewe Berend na kikohozi chake.

"Berend, siku tuliyohamia, kinywaji cha ujirani ulimpa nani?"

Berend akakwepa macho yake. "Si nilikwambia nilimpa Aleida."

"Niambie kweli."

"Yule bibi na umbea wake wa uzioni? Nilikimwaga handakini. Nikasema jirani yetu ni kasri. Utani tu, mke wangu."

Mtu mzima hovyo. Hendrikje akakimbilia kwa Aleida, kikongwe wa nyumba ya pili, ambaye hakumkaribisha hata kiti.

"Bibi mwenye kasri alikufa kwa tauni enzi za mababu," Aleida alinong'ona. "Waliokaa nyumba yenu ndio waliopaswa kumwosha. Wakajifungia ndani. Akaozea kitandani, na tangu hapo hana jirani. Sasa kampata."

"Tufanyeje, bibi? Anamtaka mume wangu."

"Mwoshe, mwanangu. Labda ataridhika."

Basi Hendrikje akabeba ndoo na shuka, akavuka daraja lililomezwa na ukungu wa mchana, akaingia kanisa dogo la kasri, akapiga magoti kando ya sanamu ya jiwe iliyolazwa juu ya kaburi la yule bibi, akaiosha uso, shingo na mikono, huku akilia kwa hofu na kwa huruma pia, na kadiri alivyosugua ndivyo jiwe lilivyozidi kulainika chini ya kiganja chake, mpaka alipofika miguuni akahisi vidole vikijikunja. Hakukimbia. Alimfunika shuka.

"Pumzika, jirani," alimwambia.

Alirudi nyumbani mwepesi. Kikohozi kilikuwa kimekoma, naye akashukuru.

"Berend?"

Mumewe alikuwa amelala chali, nywele mbichi zimechanwa vizuri, mikono imekunjwa kifuani. Toka kitandani hadi mlangoni kulikuwa na nyayo za tope. Shuka aliloliacha kasrini lilikuwa limemfunika Berend hadi kidevuni. Mwenye kasri alikuwa jirani mwema. Alirudisha wema siku ile ile.