Kituo Ambacho Hakikupokea Simu

Kila jioni akitoka shule, Nyigu alikuwa na kazi ya kumlisha Paka. Paka hakuwa mnyama. Alikuwa teksi ya baba yake, gari la umeme la rangi ya kijivu, lililokuja kimyakimya mpaka majirani wakaruka pembeni huku wakisonya. Nyigu aliburuta waya mzito kutoka barazani, akauchomeka ubavuni mwa gari, akangoja taa ndogo iwake kijani. Ndipo alipoingia ndani kuvua sare.

Jina hilo la Nyigu alipewa nyumbani, na hata wenzake shuleni wakalidaka. Ukimgusa kidogo, anauma.

Wiki ile alikuwa anauma kuliko kawaida. Dada yake alikuwa amepata nafasi katika chuo cha uuguzi, ng'ambo ya jangwa, na nyumba nzima haikuwa na habari nyingine. Mwaka uliotangulia Dada aliomba akakosa, akashinda siku nzima amejifunika shuka. Safari hii alichaguliwa, lakini chuo kilikuwa na sharti moja gumu: mwisho wa kuripoti ni Ijumaa, kabla lango halijafungwa saa kumi na moja jioni. Atakayechelewa, nafasi yake anapewa mwingine.

Kwa hiyo ilikuwa Dada hivi, Dada vile. Shuka jipya la Dada. Sanduku la Dada. Hata mama yao, aliyekuwa muuzaji katika duka la watu na hakupata ruhusa ya kusafiri nao, alimpikia Dada peke yake vitafunio vya njiani. Na kazi zote alizoziacha Dada zilimwangukia Nyigu.

Siku moja kabla ya safari, Baba alimwita.

"Jangwani hakuna jirani wa kugongea mlango," alisema, akimwonyesha ramani kwenye simu. "Betri ikiisha, umeisha na wewe. Njia nzima ina vituo vitatu vya kuchajia. Cha kwanza kiko mji wa mwisho kabla ya jangwa, cha pili katikati ya jangwa, cha tatu karibu na chuo. Sasa, ramani inajua kituo kipo. Haijui kama leo kinafanya kazi. Sisi madereva wa umeme tuna desturi yetu. Unampigia mlinzi wa kituo, unamwomba ainuke, aende mpaka kwenye mashine, aone taa kwa macho yake. Asikujibu akiwa amekaa kitini. Umenielewa?"

"Kwa nini Dada asipige? Safari ni yake."

"Dada yako anafunga mizigo. Piga wewe."

Nje, wenzake walikuwa wameanza kucheza mpira, na sauti zao zilimwingia masikioni kama mchanga. Nyigu alipiga kituo cha kwanza huku amenuna. Mlinzi alikwenda, akatazama, akasema taa inawaka. Kituo cha tatu vilevile. Kituo cha kati kiliita, kikaita, kikakata. Akapiga tena. Kikaita mpaka sikio likachoka.

Akatazama ramani. Kituo cha kati kilikuwa na alama ya kijani kama vile vingine.

"Kijani ni kijani," alijisemea, akaitupa simu juu ya kochi na kutoka mbio.

Usiku wakila, Baba aliuliza, "Kituo cha kati wamesemaje?"

"Amepokea. Amesema iko sawa."

Uongo ule ulitoka laini, haukukwama popote. Baba akaitikia kwa kichwa, akaendelea kula.

Waliondoka Ijumaa alfajiri. Katika mji wa mwisho walikuta foleni ndefu ya magari ya umeme. Walipopata zamu, Baba alichaji kiasi, kisha akasimama akiitazama betri na kukuna shingo.

"Ningeweza kukaa hapa mpaka ijae kabisa," alisema. "Lakini tutapoteza asubuhi nzima, na lango halitungoji. Kama cha kati kinafanya kazi, hii inatutosha kufika. Nyigu, una uhakika na yule mlinzi?"

Huo ulikuwa mlango wa kutokea, nao ulikuwa wazi. Nyigu aliuona. Lakini Dada alikuwa amekaa kiti cha mbele akijitazama kwenye kioo, na hasira ikampanda upya.

"Nimeshasema, Baba. Niseme mara ngapi?"

"Haya, twende."

Jangwa lilianza bila kubisha hodi. Nyumba zilikoma, miti ikakoma, ikabaki barabara moja nyeusi na mawe yaliyochomwa na jua. Kisha upepo ukawakabili usoni. Gari la umeme likienda dhidi ya upepo hula betri kama mgeni mwenye njaa, na Baba alilijua hilo. Akapunguza mwendo. Akazima kiyoyozi. Wakafungua madirisha, na mchanga ukaingia mpaka mdomoni.

Nyigu alitazama namba ya betri kati ya mabega ya Baba na Dada. Ilikuwa inashuka. Akaificha simu chini ya mtandio akapiga kituo cha kati. Kikaita, kikaita. Akapiga tena. Hakuna mtu.

Walipita njia panda yenye kibao cha bati kilichopinda. Barabara ya vumbi ilielekea kwenye tangi kubwa la maji lililoonekana kwa mbali.

"Pale kuna pampu ya maji ya sola," Baba alisema. "Madereva waliokwama huenda kumpigia magoti mama wa pale. Sisi tumepona. Mwanangu amefanya kazi yake."

Nyigu angeweza kuvumilia kugombezwa. Kusifiwa kulimshinda. Dirishani, tangi lilizidi kubaki nyuma.

"Baba, simamisha gari."

"Unataka kutapika?"

"Sikuongea na mlinzi wa kati. Hakupokea. Nilidanganya."

Gari likasimama katikati ya barabara. Baba alifungua mlango, akashuka, akatembea peke yake kwenye lami iliyotoa moshi wa joto, mikono kichwani. Aliokota jiwe, akalitupa kwa nguvu zote. Akaokota lingine.

Dada aligeuka nyuma. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Unanionea wivu?"

"Sikuonei wivu. Nilikuwa na hasira."

"Wewe kila siku una hasira. Nani hana? Mwaka mzima nimeingojea siku hii, nikafua nguo za watu nipate nauli ya kwenda kwenye usaili, halafu wewe unaniuza kwa mpira wa uchochoroni."

"Nimekwambia sikukusudia."

"Usiniongeleshe."

Lori lilikuja kutoka upande wa pili. Baba akalisimamisha kwa kupunga mikono. Dereva wake, mzee mwenye kofia ya pamba, alitoa kichwa dirishani.

"Kituo cha kati? Bwana wee, rudi ulikotoka. Dhoruba ya juzi imelaza nguzo zote. Mlinzi mwenyewe ameondoka, simu ameiacha inalia ndani. Kuna familia imekwama pale tangu asubuhi, nimewaachia maji nikaahidi kuwatafutia gari la kuwavuta."

Baba alirudi, akageuza gari, akaifuata barabara ya vumbi bila kumtazama Nyigu.

Mama wa pampu alikuwa mwanamke mnene aliyevaa mabuti ya mpira, na hakuwa na tabasamu la bure. "Magari yenu haya," alisema. "Mnakuja kuninyonya kama ndama. Ila bahati yenu tangi limejaa, naweza kuizima pampu umeme wote uje kwenu. Lakini angalieni wenyewe."

Nyuma ya tangi, vioo vya sola vilikuwa vimepangwa kwenye fremu za chuma, safu baada ya safu, na vyote vimefunikwa vumbi la dhoruba kama unga.

"Msaidizi wangu anaumwa. Kwa vumbi hili mtachaji mpaka kesho. Mkitaka haraka, ndoo ile pale, matambara yale."

"Nitafuta mimi," Nyigu alisema.

"Kweli utafuta wewe," Baba alijibu, na ndilo neno la kwanza alilomwambia tangu barabarani.

Alifuta. Fremu zilikuwa za moto, zikamchoma vidole. Vumbi likilowa liligeuka tope, tope likamchirizika mpaka kwenye viwiko. Alifuta kwa hasira: hasira kwa upepo, kwa Dada, kwa ile alama ya kijani. Safu ya kwanza ilipokwisha, hasira hizo zote zilikuwa zimechoka zikaenda zao. Ikabaki moja tu isiyokuwa na pa kwenda, ile ya kujikasirikia mwenyewe. Akalia huku anafuta.

Tambara la pili likatua juu ya kioo cha jirani. Dada alikuwa amekunja mikono ya gauni lake jipya.

"Sijakusamehe," alisema. "Nataka tu kufika. Na wewe unaacha michirizi. Anza juu ushuke chini, hujawahi kuosha dirisha?"

"Madirisha ulikuwa unaosha wewe."

"Ndiyo maana yaling'aa."

Wakafuta pamoja. Baba aliwabebea maji ndoo baada ya ndoo. Kila safu iliposafishika, mama wa pampu alikwenda kutazama mashine yake, akarudi akisema, "Inapanda." Safu ya mwisho ilipokwisha, alisema inapanda vizuri, akawaletea maji baridi ya kunywa bila kuombwa.

Jua lilikuwa limeanza kuinama walipoondoka. Upepo ulikuwa umetulia. Walipofika kituo cha kati, nguzo zilikuwa zimelala mchangani kama alivyosema mzee wa lori, na gari la umeme la buluu lilikuwa limesimama kando. Mama mmoja na watoto wake walikuwa wamekaa chini ya shuka lililofungwa kwenye mlango. Mtoto mdogo alikuwa amelala mdomo wazi. Baba aliwapa maji yote waliyobakiwa nayo. Gari la kuwavuta, mama yule alisema, lilikuwa njiani.

Nyigu hakuweza kuwatazama. Shuka lile lilikuwa na nafasi ya watu watatu zaidi.

Walifika chuoni mlinzi akiwa ameshika lango kwa mikono miwili, analivuta. Dada aliruka nje kabla gari halijasimama sawasawa, sanduku likimgonga miguuni. Mlinzi alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, gauni lilivyojaa tope.

"Wewe ndiye muuguzi?"

"Ndiyo, ni mimi."

"Ingia basi, wanaosajili wapo mezani bado. Kimbia."

Dada alikimbia, kisha akageuka kidogo. "Nyigu. Bado nimekukasirikia. Unipigie Jumapili."

Lango likafungwa.

Baba alizima gari. Aliacha mikono kwenye usukani, mpaka Nyigu akatamani agombezwe yaishe.

"Unadhani nimekasirika kwa sababu hukumpata mlinzi?" Baba aliuliza.

"Ndiyo."

"Hapana. Mlinzi kutopokea si kosa lako. Hata ungechoka ukasema 'Baba, sijapiga,' ningekugombeza, tukalala. Sikiliza. Kule mji wa mwisho nilikuwa na njia mbili: nijaze betri, au niendelee. Nilichagua kwa kutumia neno lako. Kumbe lilikuwa neno tupu. Njia ya mwongo ni fupi, wazee walisema, ila hawakusema huwa amepakia watu wangapi. Ulitupakia sote kwenye njia hiyo bila kutuambia."

"Nisamehe, Baba."

"Nimekusamehe pale uliposema nisimamishe gari. Ulijua nitawaka, na ukasema. Kama ungenyamaza kwa kuiogopa hasira yangu, tungekuwa chini ya shuka lile sasa hivi." Akamtazama kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Hasira ya mtu inapita, mwanangu, hata yangu, hata yako. Ukweli sema mapema, wakati bado una mahali pa kugeuzia gari."