Robo Lita ya Maji

Ulikuwa mwaka 1983, mwaka ambao sukari ilikuwa habari ya kusimuliwa tu. Katika shule moja ya wasichana ya bweni karibu na Nachingwea, kila siku ilianza vivyo hivyo: kengele, fagio, kisha uji mweupe katika vikombe vya bati vya bwalo. Felomena wa kidato cha tatu alikunywa wake huku akimkodolea macho Mwantumu, binti wa wakulima kutoka Mkotokuyana.

"Mtazame," alimnong'oneza rafiki yake Bibie. "Hata uji anameza kama profesa."

Roho ilimuuma kwa sababu moja tu, nayo ilikuwa na meno: ufunguo wa maabara. Felomena alikuwa ameuvaa shingoni mihula mitatu, akitembea nao kama askofu na msalaba wake. Sasa Mwalimu Gaudens wa kemia, mtu wa Bukoba ambaye wasichana walimwita Bwana Molari kwa kipimo cha ukolezi alichokitaja kila saa, alikuwa ametangaza kwamba atakayetengeneza myeyusho wa magadi wenye ukolezi sahihi ndiye atakayeushika ufunguo huo, na hodari wa vipimo alikuwa Mwantumu.

Alhamisi, Mwantumu alipima magadi, akayayeyusha, akaongeza maji mpaka alama ya lita moja, akamimina yote katika chupa kubwa ya kahawia. Wakati wa chakula cha mchana Felomena, kwa heshima zote za mshika ufunguo, alifungua maabara akamwongezea mwenzake kikombe kizima cha maji katika chupa ile.

"Magadi ni yale yale," alijifariji. "Sijaiba hata chembe."

Ijumaa, Mwalimu alijaribu kila myeyusho kwa kuudondosha kwenye asidi, tone kwa tone, mpaka rangi ibadilike. Wa Felomena ulitumia mililita ishirini na sita. Shabaha ilikuwa ishirini na tano. Wa Mwantumu ulipita thelathini na moja.

"Haukukolea, Mwantumu. Ulikosea kupima magadi."

Felomena aliugusa ufunguo wake kwa unyenyekevu mkubwa.

"Samahani, Mwalimu," Mwantumu alisema. "Naomba tupime na maji yaliyomo. Kama nilikosea magadi, yatakuwa lita ile ile moja. Yakizidi, kuna aliyeniongezea."

Walipima. Pamoja na yaliyokwisha kutumika, ikawa lita moja na robo.

"Robo lita," Mwantumu alisema polepole, "ni kikombe cha bwalo."

"Changu kinavuja!" Felomena akaropoka.

"Nani kakuuliza, dada?" Bibie alisema, na darasa zima likaangua kicheko.

Felomena alitamani ayeyuke. Alivua ufunguo, akaenda kumpa Mwantumu. "Ni mimi. Nilikuonea wivu. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Ila kesho utaosha chupa zote."

Mwalimu Gaudens hakucheka. "Mole za magadi, yaani chembe zake, hazikupungua," alisema. "Maji yalipozidi, zilitawanyika, kila tone likabeba kidogo, ndiyo maana tulihitaji mengi zaidi. Ni kama chai: ukiizimua kwa maji, sukari haitoki, lakini haikolei tena."

"Chai ya hapa haina sukari, Mwalimu."

"Nyamaza, Bibie! Nawe Felomena, ulimwaga kikombe kizima ili kumzimua mwenzako. Wewe ulikolea kiasi gani?"

"Hata kidogo, Mwalimu."

"Basi kumbuka hilo. Mwanafunzi hukolea kwa kujiongezea elimu, si kwa kumtia mwenzake maji."