Jicho la Kifuani

Kila asubuhi ya kazi, kabla jua halijachoma bati, Noela alifagia uwanja wa nyumba yao huko Lumemo, kisha akamsaidia mjomba wake Sylvanus kupanga vifaa. Mjomba alikuwa mpiga mbizi. Mtu akizama mtoni, ndiye aliyeitwa kumtafuta.

Bibi Yosefina, akipeta mchele kando yao, hakukosa la kuwachokoza.

"Jicho langu halioni, lakini nikilipoteza sirudi nyumbani. Haya, ni nini?"

"Geji, Bibi! Hicho umekitega tangu juzi!"

Geji ilionyesha hewa iliyobaki ndani ya mtungi wa mgongoni. Mjomba alikuwa nazo mbili. Ile mpya, ndogo, yenye kung'aa, aliiacha kabatini. Alichagua ile kuukuu, yenye uso mpana kama kisosi na tarakimu zinazowaka gizani.

"Masika, maji ya mto Kilombero ni chai ya maziwa," alisema. "Humo sitafuti urembo. Natafuta kinachosomeka."

Geji ya kupimia kina cha maji aliivaa mkononi kama saa. Ile ya hewa aliipitisha chini ya kwapa la kushoto, ikafungwa kifuani kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, pale mkono unapogusa ukifanya ishara ya msalaba. "Isining'inie kamwe," alionya. "Kinachoning'inia, mto hukidaka."

Kufunga ukanda ule ilikuwa kazi ya Noela. Aliiomba mwenyewe, akaililia mpaka akapewa.

Wiki ile walikuwa wakiamia ndege shambani, maana kwelea walikuwa wanaumaliza mpunga. Noela alitaka manati. Alichukua ukanda wa geji, akatengeneza manati yake, na jioni akaisahau huko huko mpungani. Hakumwambia mtu.

Jumamosi wakaitwa. Mzee Gasper, mvuvi, baba yake Balbina anayekaa dawati moja na Noela, mtumbwi wake ulikuwa umepinduka, naye hakuonekana. Ukingoni kinamama walikaa kwenye khanga zao, Bibi akiwa kati yao. Balbina alitazama maji tu.

"Hata matanga hatuwezi kukaa," mama yake alisema. "Tutamzika nani, wakati mto haujamtoa?"

Noela alifungua mfuko wa vifaa. Ndipo akakumbuka manati. Ukanda! Akapekua kila mahali, hata uzi hakuna. Watu wote walikuwa wanamtazama.

"Vipi, fundi?" Evod wa darasani kwao alimtania. "Unamfunga mjomba au unamsuka nywele?"

Noela akachomeka geji chini ya mkanda wa mtungi, ikae tu.

"Geji imefungwa, mama?" Mjomba aliuliza. Alikuwa anawatazama wafiwa.

"Imefungwa, Mjomba."

Akazama.

Theodori, msaidizi wake, alishika kamba iliyofungwa kiunoni mwa Mjomba. Mapovu yalisogea polepole kuelekea kwenye mti uliozama. Halafu yakasimama. Kamba ikaanza kutikisika ovyo.

"Amenasa! Vuteni!"

Wanaume wakairukia kamba, wakavuta. Haikuja. Wakavuta tena, ikakaza kama chuma. Mama mmoja akapiga yowe, "Mungu wangu, na huyu tena!"

Noela alijua. Akisema, watamjua wote, Balbina naye atamjua. Akinyamaza, Mjomba atabaki huko huko chini.

"Msivute!" alipiga kelele. "Geji inaning'inia! Imenasa ubavu wa kushoto, mkivuta mnamkaza! Sikuifunga! Nilidanganya!"

Theodori alimtazama mara moja tu, jicho ambalo Noela hatalisahau. Kisha akailegeza kamba.

Wakangoja. Hakuna kingine cha kufanya. Rozari zilitoka, Noela hakuweza kusali. Alijiona akirudi Lumemo na mfuko wa vifaa, mtupu. Mapovu yakapungua. Yakakoma.

Bibi aliinuka kwenye khanga yake, akasogea hadi maji yalipoanza.

Ndipo kichwa kikaibuka mbali kidogo, kikikohoa. Theodori na wenzake walimtoa Mjomba wakimburuta. Geji ilikuwa imeviringwa na kipande cha wavu, sindano yake imelala chini kabisa.

"Wavu ulivutia huku, nanyi mlivutia kule," alisema kwa shida. "Mlipolegeza, nikaweza kurudi nyuma nikajinasua. Gizani nilipapasa kifua, jicho langu halipo."

Noela akapiga magoti. "Mjomba, nisamehe. Ukanda nilitengenezea manati."

"Ilinipasa niipapase mwenyewe kabla ya kuzama," Mjomba alisema. "Nilisikia vilio, nikaamini neno."

Bibi alichana pindo la khanga yake, akamkabidhi Noela. "Funga."

Noela akaifunga geji kifuani. Mjomba alipopumzika vya kutosha, akabadilisha mtungi, akagusa kifua, akavuta fundo, akazama tena. Mzee Gasper alikuwa chini ya mti ule ule. Alipotolewa, Balbina alilia kwa sauti kwa mara ya kwanza.

Jioni, matangani, Balbina hakumsemesha Noela. Noela aliosha masufuria ya wafiwa bila kuambiwa, kisha akakaa karibu na Bibi.

"Chepesi kinywani, kizito mgongoni mwa mwenzako," Bibi alisema taratibu. "Ni nini?"

Noela hakucheka. "Uongo, Bibi."

"Ndiyo huo. Ulipotea ukanda wa mpira, mjukuu wangu, na dawa yake ilikuwa pindo la khanga. Nilikuwa nimekaa pale pale, ungeniomba ningekupa. Lakini ukaona haya, ukasema 'imefungwa', na kosa dogo likaingia mtoni na mtu. Aibu ya kusema kweli hupita. Ukikosea, sema kosa lingali mikononi mwako."

Noela aliinamisha kichwa. Bibi akamfunika mabega kwa khanga ile isiyo na pindo, wakakaa na wafiwa.