Mgeni wa Kiti cha Nyuma

Gari lilikuwa limeinama. Si sana, kiasi cha vidole viwili tu, kona ya nyuma kushoto, na mtu mwingine angepita asione. Lakini Grisi alikuwa amefunga springi mpya asubuhi ile ile kwa mikono yake mwenyewe, na springi mpya haziinami bila mzigo.

Aliweka pima maji juu ya mfuniko wa buti. Kiputo cha hewa kikateleza hadi mwisho wa kioo, upande wa kulia, kikaganda huko.

"Mjomba, hebu njoo."

Mjomba wake, mwenye gereji, alijivuta kutoka chini ya lori, akajifuta oili usoni kwa mkono wenye oili zaidi, akatazama.

"Sakafu imetitia."

"Nimeshalihamisha mara mbili. Sakafu haiwezi kunifuata."

"Basi ni springi. Nilikupa badala ya mshahara. Ulidhani ningekupa zile nzuri?"

Grisi alicheka, ila macho yake hayakubanduka kwenye ile kona.

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa zuri na refu, lakini gereji nzima ilikuwa imelisahau, kwa kuwa grisi haikumtoka kuchani hata siku alizovaa gauni. Gari lenyewe lilikuwa saluni ya milango minne, taa za mviringo, lenye umri mkubwa kuliko wa Mjomba. Kila kilichokuwamo alikitolea jasho. Kabureta ilitokana na kazi ya kuosha injini za watu. Rangi ilikuwa masalio ya makopo aliyoyachanganya mpaka yakatoa buluu ambayo hakuna kiwanda kilichowahi kuitia jina. Alitaka siku moja apite nalo barabarani, watu wageuke waulize: limetengenezwa na nani? Hapo angefungua gereji yake.

Lilikuwa gari la mzee mmoja karani, na aliyemkabidhi funguo ni mwanawe, baada ya mzee kufariki.

"Baba alikuwa na mambo yake," yule mwana alimwambia siku ile. "Kabla ya kuondoka hufungua mlango wa nyuma kushoto, anasimama kidogo, anaufunga, ndipo naye anaingia. Miaka yote. Hata akiwa peke yake."

"Kwa nini?"

"Uzee, dada. Chukua gari lako."

Grisi hakulifikiria tena jambo hilo. Alichofikiria ni uzito. Gari alilolitamani ni lile jepesi, la mashindano, tupu nyuma, na kile kiti kirefu cha ngozi kuukuu kilichojazwa sufi kilikuwa mzigo wa bure. Alikubaliana na fundi wa viti wa mtaa wa pili: achukue kiti cha nyuma, amshonee viti viwili vya mbele.

Siku alipoing'oa bolti ya mwisho na kukitoa kile kiti, gari liliinuka. Liliinuka polepole, likalia kidogo, kama kitanda mtu anapoondoka. Pima maji ikaonyesha katikati kabisa.

"Kumbe kiti ndicho kilichokuwa kizito!" alimwambia Mjomba kwa furaha.

Mjomba alipima kile kiti kwa mkono mmoja. Kilinyanyuka kirahisi. Akakirudisha chini taratibu.

Jioni Grisi alilipeleka gari nyumbani, akaliegesha uani. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, yeye na bibi yake, mama mzaa mama, aliyemlea tangu akiwa hajaota meno. Magoti yalimsumbua Bibi, akawa anashinda kitandani chini ya dirisha, ulimi wake tu ndio uliokuwa ukitembea mtaa mzima.

"Wewe mwenzangu una kiburi," Bibi alimwambia Grisi alipoingia akijifuta mikono. "Unapiga hodi, nakukaribisha, kisha huingii."

"Mimi nipige hodi kwangu?"

"Hodi, mara tatu. Sauti ni yako. Nikasema karibu, ingia, karibu kiti. Nikasikia kiti kinalia, nikajua umekaa. Kugeuka, hakuna mtu."

Karibu na kitanda palikuwa na kiti cha mbao kilichofumwa kamba. Grisi alikitazama. Kamba zilikuwa zimebonyea katikati. Na chumbani, juu ya harufu ya sabuni na dawa ya kuchua, palikuwa na harufu nyingine aliyoijua kwa kuwa alishinda nayo tangu asubuhi: ngozi kuukuu na sufi iliyolowa.

"Ulikuwa unaota, Bibi," alisema. Alisema kwa sauti ya chini, kama kwamba kuna mtu amelala.

Tangu siku ile hakutulia. Akipiga msasa mlango, anaacha, anaenda dirishani kuchungulia. Akichungulia, anarudi kwenye msasa. Bibi naye alianza kujibanza ukutani.

"Mbona umejikunja hivyo, na kitanda kipana?"

"Naacha nafasi," Bibi alijibu, kisha akatahayari, kama mtu aliyeropoka.

Pumzi zikaanza kumpungua. Hospitali walimsikiliza kifua, wakasema ni umri, wakampa vidonge. Utani ukamwisha, na hilo ndilo lililomtisha Grisi kuliko pumzi zenyewe. Bibi aliyekuwa akimtania hata mkusanya taka sasa alijibu kwa kutikisa kichwa, na macho yake yalikuwa yakikwepa nafasi iliyo wazi kando yake, kama binti mwenye haya anayekwepa kumtazama mgeni wa baba yake.

Alasiri moja ya mvua, mwanga ukiwa umefifia ingawa jua halijatua, Grisi alichukua pima maji gerejini akaingia nayo chumbani. Bibi alikuwa amelala, ukutani kabisa. Grisi akaiweka ile pima maji juu ya ubao wa kitanda, akainama atazame, na kiputo kikateleza taratibu kuelekea kwa Bibi, mbali na nafasi tupu, kikafika mwisho wa kioo, na alipokuwa bado ameinama hivyo, mvua ikigonga bati na harufu ya sufi mbichi ikizidi kumjaa puani, godoro lililokuwa limebonyea likaanza kujaa taratibu mbele ya macho yake, na kiputo kikarudi katikati, na bonde likatokea mahali pengine, karibu zaidi na Bibi, kisha likatokea juu ya Bibi mwenyewe, shuka likididimia kifuani pake bila kitu chochote juu yake, na Bibi, bila kufumbua macho, akavuta pumzi ambayo haikuingia.

Grisi alimvuta mkono kwa nguvu zake zote, akamwangusha chini pamoja naye. Pumzi ikaingia.

"Usipige kelele," Bibi alinong'ona sakafuni. "Atajua tumemjua."

Usiku ule Bibi alilala gerejini, juu ya mbao, Mjomba akikesha kando yake. Asubuhi Mjomba akaenda kumleta mganga.

Alikuwa mama mfupi mwenye miwani, mkoba begani na mwavuli mkononi. Aliongozana na Mjomba, Grisi na Bibi hadi nyumbani, akasimama kizingitini, asiingie. Grisi akamwambia karibu kiti.

"Sikai," alisema, "mpaka nijue kipi ni kitupu."

Mjomba akajikohoza. Mganga akanusa hewa, akauliza bila kupandisha sauti: "Mmetoa nini mahali pake, siku za karibuni? Kitu cha kukalia."

Grisi akageuka akalitazama gari. Akasimulia yote: kiti, springi, yule karani na mlango wake wa nyuma kushoto.

"Huyo ni jini mwenye makazi. Yule mzee alimjua, akaishi naye kwa heshima. Wewe ukamng'olea kiti, akabaki amesimama, akalifuata gari hadi uani. Jini aliyesimama anatafuta pa kukaa. Akapiga hodi. Na bibi yako, mwenye nyumba mwema, akamwambia nini?"

"Karibu kiti," alisema Bibi kutoka nyuma yao. Alikuwa ameegemea bega la Mjomba. "Jamani, ningesema nini? Mtu amebisha hodi."

"Sasa wewe uliyemkaribisha ndiye wa kumuaga. Lakini humuagi mgeni ukamtupa njiani. Kiti kiko wapi?"

Grisi alikimbia kwenye mvua mpaka mtaa wa pili. Fundi wa viti alikuwa amekwisha kukilaza kiti juu ya meza, mkasi mkononi.

"Usikate!"

"Makubwa! Tulikubaliana."

"Nirudishie. Viti vyako vya mbele vichukue, na zile ringi pana za magurudumu nilizoziweka akiba, chukua."

"Zile ringi? Kwa hili gunia la sufi?" Alimtazama usoni, akaweka mkasi chini. "Beba, mama, beba. Sitaki kujua."

Walikifunga kiti uani, Grisi na Mjomba, mikono ikiteleza kwenye bolti kwa maji. Bolti ya mwisho ilipokaza, mganga aliamuru milango yote ya nyumba iachwe wazi, na mlango wa nyuma kushoto wa gari vilevile. Bibi akasimamishwa kando ya kitanda chake mwenyewe. Alijifunga khanga vizuri, kama mtu anayemsindikiza mkubwa.

"Mgeni wangu," alisema, "tumekaa nawe. Gari lako liko tayari mlangoni. Nakuaga."

Kitambo hakikutokea kitu. Kisha godoro likapumua, likajaa. Pazia la mlango likapinda kwa nje. Hapakuwa na nyayo kwenye matope ya uani, ila matone ya mvua yalikatika katikati ya hewa, yakaacha umbo lisilo na kichwa wala mabega ya kueleweka, na umbo hilo likaenda kwa utaratibu wa mzee hadi kwenye gari. Kona ya nyuma kushoto ikalia, ikashuka vidole viwili.

Mganga akausukuma mlango kwa ncha ya mwavuli, ukajifunga.

"Nimemtoa ndani," alimwambia Grisi. "Garini ni kwake, simtoi. Mfungulie mlango, mwache na kiti chake, na usimtazame sana kwenye kioo, maana naye atakutazama. Nawe bibi, mlango wako ameshaujua. Usimjibu mtu hodi kabla hujauona uso wake."

"Hata wenye madeni?" Bibi aliuliza.

Wote wakacheka, na Grisi alilia kwa jinsi alivyokuwa ameukosa ulimi ule.

Bibi akapona, akaanza hata kutembea hadi uani. Gari likakamilika, bila ringi pana, na kiti cha nyuma kikiwa mahali pake. Watu waligeuka, wakauliza. Kazi zikaanza kuja. Kila safari Grisi alifungua mlango wa nyuma kushoto, akasubiri kona ishuke, akaufunga, na wapita njia wakamcheka.

Tatizo lilikuwa kile kioo cha mbele cha kutazamia nyuma. Huwezi kuendesha bila kukitazama. Kila alipokitupia jicho aliona kiti kitupu, na kila mara alihisi kwamba uso wake unasomwa: pua, nyusi, kovu dogo la kidevuni, moja baada ya jingine, bila haraka. Alikigeuza kioo juu, akagongwa kidogo nyuma kwa kutoona. Akakirudisha. Akaanza kufunika kidevu kwa mtandio. Usingizi ukampotea, akawa anatembea chumbani mpaka Bibi anamwuliza kama anataka kupima sakafu.

Ndipo akaamua kuliuza. Alijiambia kwamba hamwibii mtu. Angemwambia mnunuzi kile alichoambiwa yeye.

Mnunuzi alikuwa kijana mchangamfu mwenye miwani myeusi. Alilizunguka gari pale uani, akaligonga boneti, akasifu buluu yake.

"Kabla ya kuondoka," Grisi alisema akitazama chini, "fungua kwanza mlango wa nyuma kushoto, ngoja kidogo, ufunge."

"Kwa nini?"

"Mwenye nalo wa zamani alikuwa na mambo yake."

Kijana akacheka. Akachungulia ndani, akakipapasa kile kiti kirefu.

"Hiki nakitoa leo leo. Hapa nyuma najaza spika tupu, mtaa mzima unisikie."

Gari likainuka.

Liliinuka polepole, kona ya nyuma kushoto, likalia kidogo, kama kitanda mtu anapoondoka. Kijana hakuona. Alikuwa ameshashika usukani, anajaribu honi. Grisi aligeuka. Kati ya gari na nyumba hapakuwa na mtu, ila pazia la mlango lilikuwa likitulia, kama lililoguswa na bega.

Bibi atauliza nani, alijiambia. Bibi hasahau. Bibi atangoja auone uso kwanza.

"Hodi," sauti ilisema ndani ya nyumba. Ilikuwa sauti yake yeye, Grisi.

Alisikia kitanda kikilia, Bibi akiinuka. Alisikia magoti yake na ule mguno wake wa kila siku. Kikafuata kimya cha mtu anayetazama kwa makini, kama alivyoelekezwa. Grisi alifungua kinywa apige kelele, na nyuma yake kijana akabonyeza honi ndefu.

Honi ilipokatika, Bibi alikuwa akicheka.

"Aa, kumbe ni wewe, mwenzangu? Umenitia hofu bure. Karibu, karibu ukae."