Trekta la Mjane

Walifika kwa mjane jua likiwa limebakiza muda wa kuvuta sigara moja. Fundi alikuwa ameharakisha njia nzima. Giza, alipenda kusema, ni ndugu wa dalali: kazi yake ni kuficha kutu.

Watu walimwita Fundi Sikio, maana aliweza kusimama kando ya barabara, akasikia injini ikipita, akasema nozeli ya tatu inavuja, na ikawa kweli. Mkewe aliitwa Mama Gia. Hakuna dereva mwanamume katika eneo lile aliyebadili gia kwa ulaini kama yeye. Ndivyo walivyoishi: mume alitengeneza, mke aliendesha. Miaka ishirini na mmoja walilima mashamba ya watu kwa matrekta ya watu. Sasa walikuwa na ekari ishirini na tano zao wenyewe, mvua ilikuwa imekaribia, na walitaka trekta lao.

"Nitakayekaa juu yake ni mimi," Mama Gia alisema, kwa mara ya nne tangu watoke nyumbani. "Mgongo ni wangu."

"Na likifa shambani, atakayelala chini yake ni nani?"

"Wewe. Umeshazoea kulala chini."

Fundi hakucheka. Kulikuwa na ugomvi wa zamani ndani ya utani ule.

Mjane alisimama mlangoni mwa banda, funguo mkononi. Hakuwakaribisha. Hakuuliza habari za njiani. Ndani ya banda matrekta mawili yalikaa bega kwa bega. Moja lilikuwa la miaka sita: kibanda cha vioo, kiti cha springi, taa za kila rangi mbele ya usukani. La pili lilikuwa na miaka thelathini na minane. Wekundu wake ulikuwa umefifia ukawa rangi ya tofali, na kiti chake kilikuwa bakuli la chuma lililotandikwa gunia.

"Jipya ni hilo," mjane alisema. "Lichukueni mwende."

Fundi alilipita jipya kama mtu anayempita mdai wake sokoni, akaenda kwa la zamani. Alikuwa na desturi moja ambayo hakuwahi kuivunja. Kabla mtu hajagusa ufunguo, alilaza mgongo wa mkono wake juu ya injini. Wauzaji wajanja huwasha mapema, mnunuzi akija injini mbovu iitike mara moja. Injini ya baridi haijui kudanganya.

Alilaza mkono.

Ilikuwa ya moto.

"Umeliwasha leo, mama."

"Halijawashwa tangu nimzike mume wangu. Miaka miwili."

Fundi alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Alikuwa anaujua kila wizi wa kazi ile, na huu ulikuwa wizi wa kitoto. Alichomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ilikuwa safi, rangi ya asali. Akazidi kutabasamu.

Mama Gia alikuwa ameinama kwenye tairi la nyuma. Alichokoa kati ya meno ya tairi kwa kidole, akanusa.

"Udongo huu ni mbichi," alisema polepole. "Mvua ya mwisho ilinyesha lini?"

"Wameliosha."

"Wameliosha kwa udongo?"

"Mke wangu, niachie kazi yangu."

Mjane akasogea. "Nasema chukueni jipya. Nitawapa kwa bei ya hili."

Hapo ndipo Fundi alipokaza moyo. Anayekusukumia jipya kwa bei ya kuukuu, jipya hilo lina ugonjwa. "Kipya kinyemi, ingawa kidonda," alisema. "Lile likiumwa linataka kompyuta. Hili, spana tatu na nyundo, nalifufua."

"Usiseme neno hilo humu," mjane alinong'ona.

"Neno gani?"

"Kufufua."

Juu, bati la banda lililia kwa kupoa.

"Mchagua jembe si mkulima. Chukueni jipya," mjane alisema tena, kwa ukali. "Nimesema mara tatu. Nani kati yenu ataliendesha?"

"Mimi," Mama Gia alijibu.

Mjane akamtazama kwa mara ya kwanza. Alimtazama kuanzia nyayo, akapanda magotini, akakaa sana kwenye mikono, akaishia mabegani.

"Wewe mwenyewe? Kila siku?"

"Kila siku."

"Una watoto wadogo?"

"Wote wakubwa. Wana kwao."

Mjane alishusha pumzi ndefu. Alipozungumza tena sauti ilikuwa laini, kana kwamba aliyekuwa akifoka ni mtu mwingine. "Basi lichukueni la zamani, mwanangu. Mumeo anajua kazi yake. Panda ulijaribu."

Mama Gia alimvuta mumewe shati. "Mbona amegeuka?"

"Ameshindwa hoja."

"Hapana. Amefurahi."

Lakini alipanda. Alipokaa tu alikunja pua: kiti kilinuka jasho la makwapa, tumbaku na udongo uliopinduliwa sasa hivi. Aligusa ufunguo. Injini iliwaka kabla hajauzungusha nusu.

Ndipo Fundi alipoona jambo ambalo baadaye alijilazimisha kulisahau. Mjane alizunguka upande wa pili, akasimama kando ya kidato cha chuma cha kupandia, akainua mikono yote miwili hewani, kama mtu anayempokea mgonjwa anayeshushwa. Mikono ile ilishuka taratibu. Ilishuka kwa uzito. Kisha akashika pembe ya mtandio wake, akafuta kitu kilichokuwa kwenye urefu wa uso wa mtu.

"Pole," alinong'ona. "Pole na kazi, mume wangu."

Msiba humchanganya mtu, Fundi aliwaza. Akalipa.

*

Siku ya kwanza Mama Gia alilima ekari sita. Fundi alimpelekea chakula shambani, kikapoa.

"Shuka ule."

"Baadaye."

"Shuka, mwanamke! Au umeolewa na trekta?"

Alimtazama chini kutoka juu ya kiti, jicho kavu. "Ulilichagua wewe," alisema, akatia gia.

Siku ya pili hakusema hata hilo. Siku ya tatu Fundi aliamka alfajiri akahisi changarawe mgongoni. Shuka lilikuwa limejaa udongo. Nyayo za mkewe zilikuwa nyeusi mpaka vifundoni, naye alikuwa amelala chali ubavuni mwake, mahali ambapo Fundi alimsikia akipumua usiku kucha. Alitoka nje na tochi. Jioni alikuwa ameandika kwa chaki, ukutani, saa zilizoonyeshwa na mita ya injini. Zilikuwa zimeongezeka saba.

Alilaza mkono juu ya injini. Safari hii hapakuwa na muuzaji wa kumlaumu.

Siku ya nne mkewe hakuamka. Macho yalikuwa wazi. Muuguzi wa zahanati alikuja, akapima homa, akapima presha, akatikisa kichwa.

"Sioni ugonjwa. Amechoka tu. Mpe maji." Alianza kufunga mkoba wake, akasita. "Ila, baba... mbona mguu wake wa kushoto unafanya hivyo?"

Fundi alitazama. Chini ya shuka mguu wa kushoto ulikanyaga, ukakaa kidogo, ukaachia. Ukakanyaga tena. Mkono wa kulia ulisukuma kitu ambacho hakikuwepo, mbele, kisha kando.

"Ndoto," alisema.

Alijua ni nini. Ilikuwa klachi, na gia ya pili kwenda ya tatu.

Magharibi ile alifanya alichoweza kufanya fundi. Aling'oa betri, akaileta ndani, akaiweka juu ya meza ya jikoni. Alifunga dizeli. Alifungua mabomba ya nozeli yanayoilisha injini dizeli, yote manne, akayatia ndooni na kuweka ndoo kando ya betri. Akaketi na kuvitazama, kama mtu anayelinda wafungwa.

Kwanza ilikuja harufu. Moshi wa dizeli... na tumbaku.

Kisha starta ikalia.

Betri ilikuwa mezani.

Injini ikawaka. Si kwa shida. Iliitika mara moja, kama mtu aliyekuwa macho muda wote. Fundi alikimbia mpaka dirishani. Katika mwanga wa mwisho wa jua aliliona trekta likiingia shambani, plau ikiteremka, na juu ya kiti mgongo ulionyooka aliokuwa anaujua kwa miaka ishirini na mmoja.

Alirudi mbio chumbani. Mkewe alikuwa kitandani.

Mguu wa kushoto ukakanyaga.

Nje, gia ikabadilishwa. Kwa ulaini.

*

Kulipokucha alikwenda kwa mjane. Alimkuta akifagia, uso umenawiri, kama mtu aliyelala vizuri baada ya miaka mingi.

"Nilijua utakuja," alisema bila kuacha kufagia. "Bado anapumua?"

"Anapumua. Mwanamke, umetufanya nini?"

"Nimewafanya? Mara tatu nilikwambia chukua jipya. Ukanionyesha meno."

"Ulijua!"

"Nilijua, ndiyo. Hata sisi tulilinunua likiwa hivyo. Aliyetuuzia alitusihi tuchukue jingine. Mume wangu akasema la zamani halina mambo mengi." Alicheka, kicheko kikavu kama kikohozi. "Aliyelianza simjui. Aliyemuuzia aliyetuuzia simjui. Najua tu kwamba kila magharibi, miaka miwili, nilikaa hapa mlangoni nikamwona mume wangu akilima mashamba ya watu wasiomwona, na mimi nimeshamzika. Jeneza lake lilikuwa jepesi, fundi. Wabebaji walitazamana."

"Mke wangu sijamzika."

"Shamba limebaki kiasi gani?"

"Kipande cha mwisho. Hakifiki ekari moja."

"Basi una leo tu. Shamba likiisha, na pumzi inaisha." Aliegemea ufagio. "Hashuki mtu mpaka apande mwingine. Panda wewe. Nani amekukataza?"

"Wewe mbona hukupanda?"

Kwa mara ya kwanza mjane aliinamisha macho.

"Niliogopa," alisema. "Kisha nikaiona mikono ya mkeo. Toka kwangu."

*

Jua lilipozama alikuwa amesimama ukingoni mwa shamba. Njiani alikuwa amekata shauri. Ataweka mguu kidatoni, atapanda, mkewe atashuka, basi. Aliyechagua ni yeye, atakayelipa ni yeye. Jambo lenyewe lilikuwa jepesi kama kubadilisha mkanda wa feni.

Trekta lilimjia, likasimama. Mama Gia aligeuza kichwa. Alikuwa yeye, kwa kila mkunjo wa uso. Alijisogeza kidogo kwenye kiti kile chembamba, akamnyooshea mkono. Kiganja hakikuwa na ngozi.

Fundi aliweka mguu wa kulia kidatoni.

Chuma kilikuwa na joto. Halikuwa joto la injini. Lilikuwa joto la kitanda ambacho mtu ameondoka sasa hivi.

Ndipo sikio lake, lililomletea riziki maisha yake yote, likasikia. Chini ya ngurumo, ndani kabisa ya silinda, pistoni hazikugonga. Zilihema. Watu wengi walikuwa wakihema mle, waliochoka, kwa zamu ileile silinda nne zinavyowaka, wa kwanza, wa tatu, wa nne, wa pili... na katikati ya pumzi moja na nyingine palikuwa na nafasi ndogo, kama pengo kwenye mstari wa watu.

Aliondoa mguu.

"Kesho," alisema. "Kesho, mke wangu. Acha nijiandae."

Mkewe hakulia. Hakumlaani. Aliurudisha mkono wake juu ya usukani, akakanyaga klachi, akaenda kulima kipande kilichobaki.

Fundi alipofika chumbani, mguu wa kushoto ulikuwa umetulia.

Waliomzika walikuwa majirani. Waliobeba walikuwa wanne, na walipoinua walitazamana.

Mvua ilikuja. Fundi hakupanda hata mbegu moja. Shamba lilikuwa limekwisha, lakini trekta halikujua kupumzika: siku iliyofuata lililima njia ya kwenda kisimani, siku ya pili banda la kuku, siku ya tatu bustani ya mboga. Kila asubuhi tuta jipya lilikuwa karibu zaidi na ukuta. Alihamia kwa jirani. Kulipokucha jirani alimwamsha kwa matusi, akamwonyesha uwanja wake uliochanwa mstari mmoja mnyoofu, kutoka barabarani mpaka chini ya dirisha la chumba cha mgeni.

Akarudi kwake.

Jana magharibi lilikuja mpaka mlangoni. Halikulima. Lilisimama likinguruma kwa chini, kwa subira, kama gari la kukodi lililoitwa. Fundi alikaa gizani akangoja aitwe kwa jina. Hakuitwa. Injini ilihema... wa kwanza, wa tatu, wa nne... na mwishowe hakuweza kuvumilia lile pengo. Alifungua mlango kiasi cha kupitisha jicho.

Kiti kilikuwa kitupu. Gunia lake lilikuwa limekung'utwa vumbi na kutandikwa upya, kwa ajili ya yule aliyekwisha kuweka mguu kidatoni.

Na nyuma yake, chumbani, kitanda kikalia, kama kilivyokuwa kikilia mkewe anapojilaza akiwa amechoka sana.