Vitabu Vipya vya Gredi ya Kwanza

Kabati lilikuwa tupu. Vitabu arobaini vya hadithi vilivyoletwa Ijumaa, vikiwa bado vinanukia wino, Jumatatu asubuhi havikuwepo. Kufuli lilikuwa mahali pake, bila mkwaruzo.

Funguo zilikuwa mbili tu: mmoja wa mwalimu wa gredi ya kwanza, mwingine wa mlinzi wa shule, Musyimi. Polisi hawakufikiri sana. Wakambeba Musyimi.

Jumatano kesi ikamfikia Inspekta Muthoki wa upelelezi, kituo cha Mutomo. Alimhoji mshukiwa kwa nusu saa. Musyimi, kijana wa miaka thelathini na moja, alirudia jambo lile lile kwa utaratibu: hakufungua kabati, hakuona mtu. Muthoki akawasha pikipiki yake kwenda shuleni, njia ya vumbi jekundu na mbuzi wasio na haraka.

Mwalimu Kavindu alimpokea mlangoni. Alikuwa amefundisha darasa hilo miaka ishirini na saba. Inspekta aliomba kuketi nyuma tu, atazame. Akapewa kiti kifupi cha mtoto, magoti yakamfika kifuani.

"Ba, be, bi, bo, bu," watoto waliimba.

Jua lilipenya matundu ya mabati, likadondosha sarafu za mwanga juu ya vichwa vyao. Vumbi la chaki lilielea ndani yake polepole, kana kwamba halikuwa na haja ya kutua. Sauti zilipanda na kushuka kama pumzi ya mtu aliyelala. Muthoki alijihisi ana miaka sita. Alikaribia kusahau kilichomleta.

Kisha Mwalimu akachukua kitabu kikuukuu, akasoma hadithi ya kuku na mwewe. Alisoma vizuri ajabu, akifunua kurasa kwa wakati wake. Msichana wa dawati la mbele, Waithera, aliinuka, akakishika kile kitabu mikononi mwa mwalimu, akakigeuza, akarudi kuketi. Kilikuwa kichwa chini. Hakuna mtoto aliyecheka. Walikuwa wamezoea.

Usingizi ukamtoka Inspekta.

Likaja somo la hesabu. Watoto walihesabu kwa vijiti, ingawa pembeni palikuwa na gunia zima la vizibo vya soda. Muthoki alimuuliza Waithera sababu. Mtoto akanong'ona kwamba Mwalimu aliwakataza tangu Jumatatu. Ndani ya gunia mna nge.

Kengele ya mapumziko ilipolia na darasa kubaki kimya, Inspekta alizamisha mkono kwenye vizibo. Akatoa kitabu kipya. Kisha kingine.

Kavindu alisimama dirishani, akisikiliza.

"Mwalimu, huoni?"

"Naona mwanga. Naona watu wakisogea. Herufi zimeniacha tangu mvua za mwaka jana."

"Na vya zamani?"

"Navijua kwa moyo, hadi mahali pa kufunua. Hivi vipya nisingeweza kusoma hata mstari. Wangejua siku ya kwanza. Ningeondolewa hapa."

"Kwa hivyo ukavificha."

"Nilidhani itasemwa vimepotea, basi. Sikujua mtu atashikwa."

"Jumatatu jioni ulijua."

Nje watoto walikuwa wakikimbizana.

"Nilijua," Kavindu alisema. "Nikalala nalo siku mbili."

Muthoki aliandika taarifa, akamsomea neno kwa neno, kisha akakiongoza kidole chake hadi mahali pa kuweka sahihi. Mwalimu mkuu, Bwana Mulwa, hakutaka kushtaki. Alisema jambo hilo atalipeleka kwa wakubwa wake, na Kavindu ataonana kwanza na daktari wa macho.

Lakini Kavindu alisisitiza kwenda kituoni. Aliketi kwenye benchi la mapokezi huku Musyimi akirudishiwa mshipi na viatu. Aliposikia hatua zake, alisimama, akamwambia yote bila kujitetea, na kumwomba msamaha.

Musyimi alifunga kamba za viatu kwanza, moja baada ya nyingine. Siku mbili zile mkewe alikuwa ameacha kwenda kisimani kwa aibu. Hakusema amesamehe.

"Ungeniambia, Mwalimu," alisema hatimaye. "Ningekuja asubuhi kabla ya watoto, nikusomee hadi uvishike. Kusoma kwangu ni wewe ulinifundisha, darasa lile lile."

Kavindu aligeuza uso kuifuata sauti hiyo. Ndipo akalia.